Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuendesha kwa Usalama Gari la Otomatiki Lililoagizwa Kutoka Japani

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya dereva mpya nchini Tanzania ambaye amefaulu mafunzo, amepata leseni ya daraja D, na sasa amekabidhiwa gari dogo la otomatiki lililotumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Mara nyingi dereva huyo alijifunzia gari la gia za mkono, na kitabu cha maelezo cha gari lake jipya, kama kipo, kimeandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Msimamo wetu ni kwamba dereva anapaswa kulijua gari lake likiwa limesimama, akiwa na muda wa kutosha, kwa sababu akishaingia barabarani hatapata nafasi ya kuanza kulisoma.

Nikiingia kwenye gari nisilolizoea, nianzie wapi?

Anza na kiti kabla ya kugusa ufunguo. Sogeza kiti mpaka uweze kukanyaga breki hadi mwisho huku goti likibaki limekunjika kidogo, kwa kuwa mguu ulionyooka kabisa hauna nguvu ya kukanyaga kwa ghafla. Kisha rekebisha mgongo wa kiti ili, mabega yakiwa yameegemea, kifundo cha mkono kiweze kukaa juu ya usukani bila wewe kujivuta mbele. Kifua kiwe mbali na usukani kwa angalau sentimita 25. Mfuko wa hewa uliofichwa katikati ya usukani hufumuka kwa nguvu kubwa mno, na dereva aliyezoea kuendesha akiwa ameukumbatia usukani anaweza kujeruhiwa na kifaa kilekile kilichowekwa kumwokoa.

Vioo hurekebishwa baada ya kiti, kwani ukisogeza kiti vioo vyote hupoteza mwelekeo. Kioo cha ndani kionyeshe dirisha lote la nyuma, na vya pembeni vielekezwe nje kiasi cha kuuona ubavu wa gari lako kwa sehemu ndogo tu. Hata vikirekebishwa vizuri namna gani, kila upande wa gari hubaki na eneo ambalo hakuna kioo kinacholionyesha, na katika miji yetu hapo ndipo bodaboda hupita. Kabla ya kubadili njia au kukata kona, geuza kichwa utazame kwa macho yako.

Kwa kuwa pedeli ni mbili tu, je, naweza kutumia mguu wa kushoto kwa breki na wa kulia kwa mafuta?

Hapana. Mguu wa kulia ndio unaofanya kazi zote mbili, na wa kushoto hupumzika pembeni kwa muda wote wa safari. Mguu wa kushoto wa mtu aliyejifunzia gari la gia za mkono umezoeshwa klachi, ambayo hukanyagwa hadi mwisho. Ukiupa breki, gari husimama kwa kishindo na wa nyuma yako hukuingia. Hatari kubwa zaidi ni kwamba mtu aliyeshtuka hukaza miguu yote miwili kwa pamoja, akakanyaga mafuta na breki kwa wakati mmoja.

Ajali nyingi za magari ya otomatiki kugonga ukuta wa maegesho au mlango wa duka zina chanzo kinachofanana: dereva alidhani amekanyaga breki, kumbe mguu uko kwenye mafuta, na kadiri gari lilivyozidi kukimbia ndivyo alivyozidi kukanyaga. Dawa yake ni mazoea ya kisigino. Weka kisigino cha kulia sakafuni mbele ya pedeli ya breki, kisha ufikie pedeli ya mafuta kwa kuinamisha kidole gumba cha mguu upande wa kulia bila kukiinua kisigino. Fanya hivyo injini ikiwa imezimwa, mara nyingi, hadi mguu urudi kwenye breki wenyewe. Ndara na viatu virefu vya kisigino vivuliwe kabla ya kuendesha, na visiachwe chini ya pedeli.

Herufi zilizo kwenye gia zinamaanisha nini?

P ni ya kuegesha. Ndani ya gia kuna kipande cha chuma kinachojipachika na kuzuia magurudumu yanayosukumwa na injini yasizunguke. R ni ya kurudi nyuma. N huitenganisha injini na magurudumu, na gari likiwa humo linaweza kubingirika kwenye mteremko mdogo tu. D ndiyo ya kwenda mbele, na gari hubadili gia lenyewe kadiri ya mwendo. Kumbuka kwamba katika D na R gari la otomatiki hutembea polepole hata kama hujakanyaga mafuta. Kwenye foleni, kinacholizuia ni mguu wako ulio kwenye breki, na mguu huo ukiteleza wakati unatafuta simu, gari litaondoka.

Herufi zinazofuata D hutofautiana kati ya gari na gari. Magari mengi madogo ya Kijapani yana S na B, mengine yana 2 na L, na ya mseto wa petroli na umeme mara nyingi yana B peke yake. Zote zina kazi moja kubwa: kuifanya injini ilizuie gari lisikimbie kwenye mteremko. Tutazirudia tutakapozungumzia mteremko wa Kitonga, maana madereva wengi humiliki gari kwa miaka bila kuzigusa.

Kutoka D kwenda R, au kutoka yoyote kwenda P, kufanyike gari likiwa limesimama kabisa. Ili gia itoke kwenye P ni lazima breki ikanyagwe. Kwa hiyo ukiona gia imegoma, kabla ya kumpigia fundi simu, hakikisha mguu uko kwenye breki na gari limewashwa.

Kwenye dashibodi yangu kuna maneno O/D OFF yanayowaka. Je, ni tatizo?

Si tatizo. Ubavuni mwa kishikio cha gia cha magari mengi ya zamani kidogo kuna kitufe kidogo ambacho ni rahisi kukibonyeza bila kujua. Kitufe hicho huizuia gari isiingie gia ya juu kabisa, ile inayotumika kwenye mwendo mkubwa na kupunguza ulaji wa mafuta. Maneno hayo yakiwaka, injini huvuma zaidi na mafuta huisha haraka. Bonyeza tena yazimike. Ukiwa unapanda mlima mrefu, au unateremka na hutaki gari likimbie, unaweza kuyawasha kwa makusudi. Yakiwa yanawaka na kuzima yenyewe mfululizo, hapo ndipo gia inapoomba fundi.

Breki ya mkono siioni. Na je, nikiweka P bado ninaihitaji?

Kwenye magari ya familia kama Noah na Alphard, na kwenye Prius, mara nyingi haivutwi kwa mkono. Ni pedeli ndogo iliyo juu kushoto kabisa. Hukanyagwa mara moja kufunga na, kwenye aina nyingi, hukanyagwa tena kuachia. Itafute kabla ya kuondoka, kwa sababu gari linaweza kutembea kilomita kadhaa likiwa limefungwa breki hiyo hadi harufu ya kuungua itoke kwenye magurudumu ya nyuma.

Ndiyo, unaihitaji hata ukiwa kwenye P. Ukiegesha kwenye mwinuko, kanyaga breki ya kawaida, funga breki ya mkono, legeza mguu kidogo gari likae, kisha ndipo uweke P. Kwa utaratibu huo uzito wa gari hubebwa na breki, na kile kipande cha chuma ndani ya gia hakilemewi.

Kwa nini kila nikitaka kuwasha indiketa, waipa ndizo zinazofanya kazi?

Kwa sababu kwenye magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani kishikio cha indiketa na taa kiko kulia kwa usukani, na cha waipa kiko kushoto. Magari mengi ya Ulaya yamepangwa kinyume chake, hata yale yenye usukani upande wa kulia. Aliyejifunzia aina moja na kununua nyingine atachanganya kwa siku kadhaa, na hilo ni la kawaida, lakini asiingie Barabara ya Morogoro saa kumi na moja jioni kabla mikono haijazoea. Kaa ndani ya gari nyumbani, uwashe umeme bila injini, na ufanye mazoezi ya indiketa, taa, waipa, maji ya kioo, honi na taa za hazadi hadi uvipate bila kutazama.

Gari linazungumza Kijapani kila ninapoliwasha. Je, linanionya kuhusu hatari?

Karibu kila mara sauti hiyo hutoka kwenye kisanduku kidogo cha kulipia barabara za kasi za Japani, na kinachosema ni kwamba kadi haijaingizwa. Hakina kazi hapa kwetu, na fundi wa umeme wa magari anaweza kukitenganisha. Redio yenye ramani ya Japani nayo haina madhara. Maonyo ya kweli ya gari huja kwa alama za taa kwenye dashibodi, na alama hizo hazihitaji lugha.

Ni taa zipi za dashibodi zinazonitaka nisimame mara moja?

Rangi ndiyo kanuni ya kwanza. Kijani na bluu hutoa taarifa, njano hukutaka ulipeleke gari kwa fundi karibuni, na nyekundu hukutaka usimame mahali salama. Unapowasha umeme wa gari, taa nyingi huwaka kwa sekunde chache kisha zikazimika. Ni gari linajikagua. Zitazame wakati huo. Taa ya mfuko wa hewa au ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapofunga breki) isiyowaka kabisa katika ukaguzi huo huenda balbu yake imetolewa ili mnunuzi asione hitilafu, jambo linalofaa kuchunguzwa kabla ya kulipia gari.

Nyekundu yenye umbo la birika la mafuta inamaanisha oili haifiki kwenye injini kwa nguvu inayotakiwa. Zima injini papo hapo, hata kama umebakiza mita mia mbili kufika, kwa sababu dakika chache za kuendelea zinaweza kuiua injini nzima. Nyekundu yenye alama ya mshangao ndani ya duara huwaka breki ya mkono ikiwa imefungwa. Ikibaki baada ya kuachiwa, mara nyingi mafuta ya breki yamepungua, na gari halipaswi kuendeshwa. Alama ya betri ikiwaka njiani ina maana kwamba betri haichajiwi, nawe una muda mfupi kabla umeme haujaisha.

Kuhusu joto, magari mengi madogo hayana geji yenye mshale. Asubuhi utaona taa ya bluu ya kipimajoto, ambayo huzimika baada ya dakika chache injini ikipata moto. Ikiwaka nyekundu, injini imechemka. Simama, zima injini, na usifungue mfuniko wa rejeta kwa muda wa nusu saa au zaidi, maana maji yaliyo ndani yamebanwa na hutoka kama mvuke unaobabua uso. Kama uko katikati ya daraja au mahali ambapo huwezi kusimama, zima kiyoyozi na ufungulie hita hadi mwisho. Hewa ya moto itakutesa, lakini itaondoa sehemu ya joto la injini hadi ufike pa kuegesha.

Nilifunga breki kwa nguvu na pedeli ikatetemeka chini ya mguu. Je, breki ni mbovu?

Hiyo ni ABS ikifanya kazi yake. Mfumo huo huachia na kukamata breki mara nyingi kwa sekunde ili magurudumu yasijifunge na kuteleza, na faida yake kuu ni kwamba unaendelea kuweza kukata usukani wakati umefunga breki zote. Kosa la kawaida ni dereva kushtushwa na mtetemo huo na kuinua mguu. Endelea kukanyaga kwa nguvu zako zote, usipampu, na utazame pale unapotaka gari liende.

Niache umbali gani na gari lililo mbele yangu, na kwa nini kibao cha 50 kinawekwa hata pale ambapo barabara ni nzuri?

Tumia sekunde badala ya mita. Gari la mbele likipita nguzo au kivuli cha mti, anza kuhesabu taratibu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukifika kwenye alama hiyo kabla hujamaliza kuhesabu, uko karibu mno. Mvua ikinyesha, au ukiwa umebeba mzigo, zidisha mara mbili. Kuna watakaokuchomekea kwenye nafasi uliyoiacha, hasa daladala na bajaji. Waache wapite, kisha uiache nafasi upya. Utachelewa kwa sekunde chache tu.

Sababu ya kibao cha 50 iko kwenye hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari husafiri takribani mita 14 kwa sekunde moja, na sekunde moja hivi ndiyo anayohitaji dereva aliye macho kuona hatari na kufikisha mguu kwenye breki. Breki zenyewe, kwenye lami kavu na matairi mazuri, zinahitaji mita nyingine 14 hivi. Jumla ni kama mita 28. Kwa kilomita 100 kwa saa, sekunde ileile ya kushtuka inakula mita 28 kabla hata breki hazijaguswa, na kusimama kunahitaji mita 56 zaidi, kwa kuwa mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki huongezeka mara nne. Aliye kwenye 50 anasimama kabisa mahali ambapo aliye kwenye 100 ndiyo kwanza anaanza kukanyaga.

Ndiyo maana inasikitisha kuona magari yakipunguza mwendo pale tu penye trafiki mwenye tochi, kisha yakapaa tena kabla kijiji hakijaisha. Vijiji vya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya vimejipanga kando ya lami. Shule iko upande mmoja, kisima upande wa pili, na mtoto wa darasa la kwanza hana uwezo wa kukadiria mwendo wa gari linalomjia. Mabasi na magari mazito, ambayo kisheria hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa hata nje ya makazi, yana sababu hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi.

Kwenye kipilefti nani ana haki ya kupita kwanza?

Aliye tayari ndani ya mzunguko, ambaye kwako anatokea kulia. Punguza mwendo, tazama kulia, na uingie pale penye nafasi bila kumlazimisha mtu afunge breki. Washa indiketa ya kushoto unapokaribia njia yako ya kutokea. Palipo na trafiki anayeongoza magari, ishara ya mkono wake inashinda mataa na vibao vyote. Kwa Dar es Salaam, kumbuka pia kwamba njia za Mwendokasi si zako hata zikiwa tupu, na mabasi yake hupita kwenye makutano kwa kasi usiyoitarajia.

Lori lililo mbele yangu limewasha indiketa ya kulia. Je, linaniruhusu nilipite?

Usilichukulie hivyo. Indiketa ya kulia ya lori kwenye barabara kuu inaweza kuwa na maana tatu: dereva anataka kukata kulia, anakuonya kwamba mbele kuna gari linakuja, au, wakati wa usiku, anamwonyesha anayekuja upana wa gari lake. Ya kushoto nayo hutumika kukuashiria kwamba njia ni nyeupe, lakini pengine ina maana tu kwamba lori linataka kusimama kituoni. Desturi hiyo ina nia njema, ila anayewasha indiketa hajui gari lako lina nguvu kiasi gani, na kosa lake utalilipia wewe.

Kabla ya kupita, rudi nyuma kidogo. Ukiling'ang'ania lori kwa karibu huoni chochote isipokuwa bodi lake, lakini ukiacha nafasi utaiona barabara pande zote mbili. Subiri mpaka uione lami tupu ya kutosha kwenda na kurudi kwenye njia yako, tazama kioo uhakikishe hakuna aliyeanza kukupita wewe, washa indiketa, kanyaga mafuta hadi gari lishuke gia, na urudi kushoto pale tu unapoziona taa zote mbili za lori kwenye kioo cha ndani. Mstari wa katikati usiokatika, kona, kilele cha mwinuko, daraja na kivuko cha waenda kwa miguu ni mahali ambapo jibu ni hapana hata kama dereva wa basi lililo nyuma yako anapiga honi.

Ninashuka Kitonga kwa mara ya kwanza nikitoka Iringa. Niweke gia ipi, na je, ni kweli kwamba N inaokoa mafuta?

Swali hili linastahili jibu refu, maana ushauri wa kuweka N mteremkoni husambazwa na watu wenye uzoefu wa miaka mingi, na unaua. Gari likiwa kwenye N, injini haina tena uwezo wa kulizuia, kwa hiyo uzito wote wa gari, abiria na mizigo unabaki kwa breki peke yake. Breki hufanya kazi kwa kusugua, na kusugua huzaa joto. Zikikanyagwa mfululizo kwenye mteremko mrefu wenye kona kali, pedi hupata moto hadi zikapoteza uwezo wa kukamata, na mafuta ya breki, hasa yaliyokaa miaka mingi na kunyonya unyevu wa hewa, huanza kuchemka. Mapovu yakishaingia kwenye mafuta hayo, pedeli hukanyagika laini hadi sakafuni bila gari kupungua mwendo. Wanaojua barabara hii wataikumbuka harufu kali ya pedi za malori yanayoteremka kuelekea Ruaha Mbuyuni. Harufu hiyo ni ya breki zilizokaribia kuishiwa.

Kuhusu mafuta, gari la kisasa linalopulizia petroli kwa kompyuta hukata petroli kabisa unapoteremka likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya pedeli, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kwenye N, injini inalazimika kuchoma petroli ili isizimike. Kwa hiyo anayeweka N anatumia mafuta zaidi ya aliyeacha gia ikiwa mahali pake.

Utaratibu sahihi ni kupunguza mwendo juu, kabla mteremko haujaanza, na kuhamisha gia kutoka D kwenda S, 2, B au L kulingana na gari lako. Injini itavuma kwa sauti kubwa kuliko ulivyozoea. Usiogope, ilimradi mshale wa mizunguko haujagusa eneo jekundu. Tumia breki kwa vipindi: kanyaga kwa uthabiti hadi mwendo ushuke, kisha achia kabisa zipoe, badala ya kuziegemea kidogo kidogo njia nzima. Utaratibu huohuo unafaa Sekenke mkoani Singida na mteremko wa Iwambi mkoani Mbeya.

Na breki zikikataa kabisa?

Pampu pedeli haraka mara kadhaa, kwani wakati mwingine shinikizo hurudi. Shusha gia hatua kwa hatua hadi ya chini kabisa. Vuta breki ya mkono polepole na si kwa mkupuo, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Washa hazadi, piga honi, na utafute mwinuko, mchanga, au ukingo wa mlima wa kuusugua kwa ubavu wa gari. Usizime injini mapema, maana usukani utakuwa mzito na msaada wa breki utapotea, na usichomoe ufunguo kwa hali yoyote kwa sababu usukani unaweza kujifunga.

Nifanyeje mvua kubwa ikinikuta barabarani?

Punguza mwendo, washa taa za kawaida, na uongeze umbali. Hazadi ziwashwe ukiwa umesimama au unatembea polepole kupita kiasi. Ukizitumia njia nzima, wengine hawataelewa unapotaka kukata kona. Vioo vikiingia ukungu, washa kiyoyozi na uelekeze hewa kwenye kioo cha mbele, kwa sababu kiyoyozi hukausha hewa. Ukihisi usukani umekuwa mwepesi ghafla, matairi yamepanda juu ya maji: ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na usifunge breki.

Maji yanayopita juu ya barabara yaogopwe. Kina cha sentimita 30 kinatosha kuyaelesha magari mengi madogo, na hujui kama lami iliyo chini yake bado ipo. Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua Jangwani wakati wa masika. Geuza gari au subiri.

Nitajuaje kama matairi yangu bado ni salama?

Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne zilizofungiwa mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu 2319 zinamaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa zee, mpira wake umekakamaa na kupasuka nyufa ndogo, kwa kuwa gari lilikaa miezi mingi kwenye yadi. Ndani ya kashata kuna vituta vidogo vya mpira. Kashata ikilingana navyo, imebaki milimita 1.6, na tairi hilo limekwisha. Kagua pia kama limeandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji, yenye mpira laini usiofaa joto la Dodoma au Tanga, na yanapaswa kubadilishwa mapema.

Upepo sahihi umeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mara nyingi kwa kPa. Kama imeandikwa 220, hiyo ni sawa na 32 kwenye geji nyingi za mafundi wetu. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, na upime la akiba pia. Tairi likipasuka ukiwa mwendoni, shika usukani kwa mikono miwili, acha mafuta, usikanyage breki kwa ghafla, na uliache gari lipungue lenyewe kabla ya kutoka pembeni.

Je, abiria wa nyuma wanahitaji mkanda, na mtoto akae wapi?

Kila aliye ndani ya gari anauhitaji. Abiria wa nyuma asiyefunga mkanda hurushwa mbele kwenye ajali na kumponda aliyefunga. Mkanda upite juu ya bega na chini ya tumbo, kwenye mifupa ya nyonga. Mjamzito naye aufunge hivyo, chini ya tumbo lake. Mtoto akae nyuma, mchanga akiwa kwenye kiti chake maalumu kinachoelekea nyuma, na kiti cha namna hiyo kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa. Kumpakata mtoto hakumsaidii, kwa kuwa hakuna mikono inayoweza kumzuia gari likisimama ghafla. Wazazi wengi humpakata kwa upendo. Tunawasihi waugeuze upendo huo kuwa kiti.

Gari likiniharibikia usiku barabara kuu, nifanye nini?

Litoe nje ya lami kadiri linavyoweza kubingirika, washa hazadi, na uwashushe abiria wasimame mbali na barabara, upande wa gari usio na magari yanayopita. Weka pembetatu moja nyuma ya gari, mbali vya kutosha mwenye kasi kuiona na kupunguza mwendo, yaani hatua mia moja hivi kwenye barabara kuu, na nyingine mbele. Ukiwa karibu na kona, pembetatu itangulie kona. Wengi huweka matawi ya miti, na ukiyaona mbele yako kwenye lami, punguza mwendo mara moja kwa sababu kuna gari limekwama. Lakini usiku matawi hayang'ai, kwa hiyo yasichukue nafasi ya pembetatu. Ukiondoka, ondoa kila ulichokiweka, pamoja na mawe uliyozuilia magurudumu.

Gari la otomatiki lisivutwe kwa kamba kwa umbali mrefu, maana gia zake zinaweza kuungua kwa kukosa mafuta yanayozunguka, na la magurudumu manne yanayosukuma libebwe mzima juu ya brekdauni. Mwambie mwenye brekdauni aina ya gari lako kabla hajatoka gereji, ili aje na ile inayofaa.